Mwongozo: Kuomba Idhini ya Haraka ya Nyumba za Gharama Nafuu California kwa Sheria za SB 35 na SB 423

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya viongozi wa makanisa, misikiti na vyama vya kijamii vya watu wetu wanaoishi California, hasa San Diego, Sacramento na Oakland, ambao wamekuwa wakiniuliza maswali yaleyale kila tunapokutana. Tunacho kiwanja, au tumeahidiwa kiwanja, na tunataka kujenga nyumba ambazo familia za wafanyakazi zitamudu kodi yake. Je, jiji litatuzungusha miaka mingapi? Majirani wakikataa, mradi umekufa? Ni kweli kwamba iko sheria ya jimbo inayoliwekea jiji siku za kujibu?

Ndiyo, sheria hiyo ipo. SB 35 (SB ni muswada ulioanzia Seneti ya jimbo, na AB ni ule ulioanzia Baraza la Wawakilishi la jimbo), iliyoandikwa na Seneta Scott Wiener, ilitiwa saini na Gavana Jerry Brown mwaka 2017 na kuanza kutumika Januari 2018. Mwaka 2023 Gavana Gavin Newsom alitia saini SB 423, ambayo iliirefusha hadi mwanzo wa mwaka 2036 na kubadili baadhi ya masharti yake. Zote mbili zimo katika kifungu cha 65913.4 cha Kanuni za Serikali za California, na kifungu hicho ndicho utakachokitaja katika kila barua utakayoandika.

Kiini chake ni hiki: jiji au kaunti ambayo haijatoa vibali vya nyumba kufikia mgao iliopangiwa na jimbo hupoteza hiari yake juu ya miradi inayotimiza masharti. Mradi wa namna hiyo haupigiwi kura na baraza la jiji, wala haupiti katika mapitio ya Sheria ya Ubora wa Mazingira ya California, inayojulikana kama CEQA, kwa kuwa mapitio hayo huhusu maamuzi yenye hiari. Afisa hupima mradi kwa vigezo vilivyoandikwa kabla hujawasilisha maombi, na ukitimiza vyote hana ruhusa ya kuukataa. Ila usipotimiza kimoja tu, sheria hii yote inakuwa si yako, na unarudi kwenye foleni ya kawaida. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayofanyika kabla ya siku ya kuwasilisha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Hati ya umiliki wa kiwanja, au barua ya mwenye kiwanja inayokupa mamlaka ya kuomba. Kwa makanisa na misikiti, hakikisha jina lililo kwenye hati ni la taasisi yenyewe iliyosajiliwa, kwa kuwa mara nyingi utakuta hati bado iko kwa jina la mchungaji wa kwanza au la mzee aliyekwisha kufariki.
- Ramani ya upimaji iliyotayarishwa na mpima ardhi mwenye leseni, ikionyesha mipaka, mwinuko wa ardhi na majengo yaliyopo.
- Historia ya kiwanja kwa miaka 10 iliyopita: nani aliishi hapo, nani alipanga, nini kilibomolewa na lini.
- Msanifu majengo aliyewahi kupitisha angalau mradi mmoja kwa njia hii. Msanifu hodari asiyeijua sheria hii atakuchorea jengo zuri litakalokataliwa.
- Wakili wa masuala ya ardhi na matumizi yake. Hata kama huna uwezo wa kumlipa kwa kazi yote, mlipe asome jedwali la vigezo nitakalolieleza katika hatua ya sita.
- Mbia mwenye uzoefu wa kuendeleza nyumba za gharama nafuu, kwa kawaida shirika lisilolenga faida. Jumuiya isiyowahi kujenga isijaribu peke yake, kwa sababu mikopo na misamaha ya kodi inayogharimia nyumba hizi hutolewa kwa watu wenye rekodi.
- Fedha za awali za upimaji, michoro na ada. Sheria hii inaharakisha idhini, haitoi hata senti moja.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha jiji lako limo katika orodha, na limo kwa asilimia ngapi. Idara ya Nyumba na Maendeleo ya Jamii ya jimbo, ambayo kila mtu huiita HCD, hutangaza kila jiji na kaunti iko katika kundi gani. Jiji ambalo halijatoa vibali vya kutosha vya nyumba za watu wenye kipato kilicho juu ya wastani, pamoja na lile lisilowasilisha taarifa zake za mwaka, linalazimika kuupokea mradi ambao asilimia 10 ya nyumba zake ni za gharama nafuu. Jiji ambalo upungufu wake uko katika nyumba za watu wa kipato cha chini linalazimika kuupokea mradi wenye asilimia 50. San Francisco hukaguliwa kila mwaka kwa mujibu wa SB 423, na miji mingine hukaguliwa kwa vipindi virefu zaidi. Kwa vyovyote vile, chapisha ukurasa wa orodha siku hiyohiyo unapoanza na uuhifadhi wenye tarehe.

Ikiwa jumuiya yako inakusudia nyumba zote ziwe za gharama nafuu, mradi wenu unatosha katika makundi yote mawili. Ninawashauri wengi wafuate njia hiyo, kwa kuwa inafungua milango mingine nitakayoitaja katika hatua ya tano.

2. Kokotoa maana ya "gharama nafuu" kwa mujibu wa sheria. Neno hili si la kukadiria. Jimbo hutangaza kila mwaka kipato cha kati cha kila kaunti kwa ukubwa wa familia. Familia yenye kipato kisichozidi asilimia 80 ya kiwango hicho huhesabiwa kuwa ya kipato cha chini, na isiyozidi asilimia 50 huhesabiwa kuwa ya kipato cha chini sana. Katika mradi wa asilimia 10, SB 423 inataka nyumba za kupangisha ziwe za kundi hilo la asilimia 50, na za kuuza ziwe za kundi la asilimia 80. Katika mradi wa asilimia 50, kipimo ni asilimia 80. Sharti hilo huandikishwa pamoja na hati ya kiwanja na kudumu miaka 55 kwa nyumba za kupangisha na miaka 45 kwa nyumba za kuuza. Waelezeni waumini jambo hili mapema na kwa uwazi, kwa sababu wanaofunga mkataba leo wanawafunga wajukuu wao.

3. Kikague kiwanja chenyewe. Hapa ndipo miradi mingi hufia, na afadhali ifie hapa kuliko mbele ya kaunta. Kiwanja lazima kiwe katika eneo la mji, na angalau asilimia 75 ya mzunguko wa mipaka yake ipakane na viwanja vilivyokwisha kuendelezwa kimji. Lazima kiwe kimetengwa kwa makazi au kwa matumizi mchanganyiko yanayoruhusu makazi, na angalau theluthi mbili za eneo la jengo ziwe za makazi. Jengo lenyewe liwe la familia zaidi ya moja, na nyumba mbili zinatosha.

Kisha yako maeneo yaliyotengwa: ardhi bora ya kilimo, ardhi oevu, maeneo yenye hatari kubwa mno ya moto, ukanda wa mkondo wa mafuriko, maeneo yenye taka za sumu, mstari wa ufa wa tetemeko, na makazi ya viumbe vinavyolindwa. Baadhi yake yana misamaha, kwa mfano pale jengo linapofuata viwango maalumu vya kujikinga na moto au tetemeko. Ukanda wa pwani, ambao SB 35 iliuacha nje kabisa, umefunguliwa na SB 423 kwa sehemu tu na kwa masharti.

Sharti linalowaponza watu wetu zaidi ya yote ni la wapangaji. Mradi hauruhusiwi kubomoa nyumba iliyokaliwa na mpangaji wakati wowote ndani ya miaka 10 iliyopita, na hata kama nyumba hiyo ilikwisha kubomolewa ndani ya kipindi hicho, kiwanja kinabaki kimefungwa. Niliwahi kushiriki katika mradi mmoja ambao michoro yake ilikuwa imefikia nusu. Siku moja nilipita nyuma ya jengo la ibada kutazama mti uliokuwa ukitusumbua katika ramani ya maegesho, nikaona ukutani mwa banda la zamani sanduku dogo la barua, na juu yake jina la mtu limebandikwa kwa utepe uliokwisha kupauka kwa jua. Nilipouliza, wazee waliniambia kwa nia njema kabisa kwamba kijana mmoja aliwahi kuishi pale akilipa kidogo kila mwezi, na kwamba aliondoka miaka 6 iliyopita. Hakukuwa na mkataba wa maandishi, lakini alilipa na aliishi. Tulilazimika kulichora jengo upya ili banda lile libaki limesimama, na tulipoteza miezi mitano. Kwa hiyo, usikae mezani ukajaza fomu: tembea kiwanja chote, hesabu mita za umeme, angalia masanduku ya barua, na uwaulize wazee swali hili kwa maneno mepesi, "Nani amewahi kulala hapa?"

Mwisho, angalia kama kuna jengo lililo katika orodha ya kumbukumbu za kihistoria ya taifa, ya jimbo au ya jiji. Hilo nalo halibomolewi kwa njia hii.

4. Ikiwa kiwanja si cha makazi, pima SB 4 kwanza. Makanisa na misikiti mingi iko katika maeneo ambayo kanuni za jiji haziruhusu nyumba za familia nyingi. Kwa hali hiyo ipo SB 4, iliyoanza kutumika Januari 2024, ambayo inaruhusu taasisi za dini na vyuo huru visivyolenga faida kujenga nyumba za gharama nafuu katika ardhi waliyoimiliki kufikia tarehe 1 Januari 2024, hata kama kanuni za jiji zinakataza makazi hapo. Nyumba zote ziwe za watu wa kipato cha chini, isipokuwa hadi asilimia 20 zinaweza kuwa za kipato cha kati na hadi asilimia 5 za wafanyakazi wa taasisi. Utaratibu wake unafanana na ule ninaoueleza hapa, ingawa masharti ya kiwanja yanatofautiana kwa sehemu, na kwa hiyo wakili asome kifungu chake chenyewe.

5. Amua ukubwa wa jengo pamoja na nyongeza zake. Iko sheria nyingine ya jimbo inayoruhusu mradi wenye nyumba za gharama nafuu kuongeza idadi ya nyumba kupita kiwango cha jiji na kupewa nafuu katika vigezo kama urefu au nafasi ya kuacha mpakani. Mradi ambao nyumba zake zote ni za gharama nafuu unaweza kuongezewa hadi asilimia 80, na ukiwa karibu na kituo kikuu cha usafiri wa umma unapata zaidi ya hapo. Nyongeza hizi hazihesabiwi kuwa umevunja kigezo. Kuhusu maegesho, jiji haliwezi kudai hata nafasi moja ikiwa kiwanja kiko ndani ya nusu maili kutoka kwenye usafiri wa umma, na kwingineko haliwezi kudai zaidi ya nafasi moja kwa kila nyumba.

6. Tengeneza jedwali la vigezo. Hii ndiyo kazi ninayoomba uifanye kwa uangalifu kuliko zote. Sheria inasema kigezo halali ni kile kisichohitaji maoni ya afisa, kinachopimika kwa kipimo kilichokuwa wazi kwa pande zote kabla ya maombi kuwasilishwa. Chukua kanuni za jiji, sura kwa sura, na uandike kila kigezo katika mstari wake: namba ya kifungu, maneno yake kama yalivyo, kiasi kinachotakiwa, kiasi kilicho katika mradi wako, na namba ya karatasi ya mchoro inayothibitisha.

Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: urefu wa juu ni futi 45, ukipimwa kutoka wastani wa usawa wa ardhi ya asili, mradi una futi 44 na inchi 6, tazama karatasi ya mkato wa jengo. Zingatia maneno "ukipimwa kutoka". Wasanifu wengi hupima kutoka usawa wa njia ya waenda kwa miguu kwa kuwa ndiyo rahisi kuonyesha, na kama ardhi inateremka kuelekea nyuma, tofauti ya futi mbili inatosha kuuangusha mradi. Jaza mistari yote, hata ile unayoona haikuhusu, na katika hiyo andika "haihusiki" pamoja na sababu yake.

Ukikuta maneno kama "jengo liendane na hadhi ya mtaa" au "lipendeze kwa mtazamo wa barabarani", yaandike pia, kisha ueleze kwamba si kigezo kinachopimika kwa mujibu wa kifungu cha 65913.4. Usiyaruke kimya kimya, maana afisa atayaona na kudhani umeyasahau.

7. Wasilisha taarifa ya nia, na uheshimu mashauriano na makabila asilia. Kabla ya maombi kamili huwasilishwa maombi ya awali yanayoitwa taarifa ya nia. Baada ya kuyapokea, jiji lina siku 30 za kuyaarifu makabila asilia yenye uhusiano wa kijadi na eneo hilo, nayo yana siku 30 za kusema kama yanataka mashauriano. Yakitaka, jiji huyaanzisha ndani ya siku 30 nyingine. Maombi kamili hayapokelewi mpaka hatua hii ikamilike, na pande hizo zisipoafikiana, mradi hauwezi kutumia njia hii.

Sharti hili liliongezwa na sheria ya AB 168 ya mwaka 2020, na sababu yake inafaa kujulikana. Huko Berkeley, kiwanja cha 1900 Fourth Street kiliombewa idhini kwa SB 35 mwaka 2018, ilhali Waohlone, wenyeji asilia wa eneo hilo, wanakitambua kuwa sehemu ya mahali patakatifu pa wazee wao. Jiji lilikataa, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba kwa sheria iliyokuwapo wakati ule jiji halikuwa na haki ya kukataa. Mwaka 2024, baada ya makubaliano mengine, ardhi hiyo ikaelekezwa kurudi mikononi mwa wenyewe. Sisi ambao tumeacha makaburi ya wazee wetu mbali tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Usiitazame hatua hii kama kikwazo cha makaratasi: hudhuria, sikiliza, na uwe tayari kuhamisha msingi wa jengo ukiombwa.

Pia, ikiwa kiwanja kiko katika mtaa ambao jimbo limeuainisha kuwa wenye fursa chache au za wastani, au wenye ubaguzi mkubwa na umaskini, SB 423 inataka mkutano wa hadhara ufanyike ndani ya siku 45 tangu jiji lipokee taarifa ya nia. Jiji ndilo linalopaswa kuuitisha, na lisipofanya hivyo, mwombaji auitishe mwenyewe. Mkutano huo hauna kura. Lakini utatakiwa kuthibitisha kwa maandishi kwamba ulihudhuria na kuyapitia maoni, kwa hiyo peleka mtu wa kuandika kumbukumbu.

8. Wasilisha maombi kamili na uanze kuhesabu siku. Peleka fomu ya jiji, michoro, jedwali la vigezo, maelezo ya nyumba za gharama nafuu, na ahadi ya maandishi kuhusu mishahara ya ujenzi. Mradi wa zaidi ya nyumba 10 lazima uwalipe mafundi mshahara wa kiwango kilichowekwa na jimbo. Mradi wa nyumba 50 na zaidi una sharti la kugharimia bima ya afya ya mafundi, na majengo ya futi 85 na zaidi yana masharti makali zaidi kuhusu mafunzo yao. Katika barua inayotangulia maombi andika sentensi moja isiyo na utata inayosema kwamba maombi haya yanawasilishwa chini ya kifungu cha 65913.4. Omba muhuri wa tarehe au barua pepe ya kupokelewa.

Kwa mradi wa nyumba 150 au pungufu, jiji lina siku 60 za kukueleza kwa maandishi kigezo gani hujakitimiza na kwa nini, na siku 90 za kukamilisha ukaguzi wa usanifu na idhini yenyewe. Kwa mradi wa zaidi ya nyumba 150, siku hizo ni 90 na 180. Ukirekebisha na kuwasilisha tena, jiji lina siku 30. Lisipotoa maelezo hayo ndani ya muda, mradi unahesabiwa kuwa umetimiza vigezo.

9. Ipokee idhini, kisha uende moja kwa moja kwenye kibali cha ujenzi. Hivi ni vitu viwili tofauti. Idhini inasema jengo hili linaruhusiwa hapa. Kibali cha ujenzi kinasema michoro ya nguzo, umeme na mabomba iko salama. Sheria ya AB 2234 ya mwaka 2022 imeviwekea muda vibali vinavyofuata idhini: siku 15 za kazi kusema kama maombi yamekamilika, kisha siku 30 za kazi kwa miradi ya nyumba 25 au pungufu na siku 60 za kazi kwa iliyo mikubwa zaidi. Jengo la Tahanan, lililoko 833 Bryant Street huko San Francisco, lenye nyumba 145 za chumba kimoja kwa watu waliowahi kukosa makazi, lilipata idhini kwa SB 35, likaunganishwa kwa vyumba vilivyotengenezwa kiwandani, na kukamilika mwaka 2021. Ni mfano mzuri wa mradi ambao wahusika wake walikuwa na michoro na fedha tayari idhini ilipotoka.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kwenda kuomba hisani. Tumezoea kwamba ofisini mtu huanza kwa kumtafuta anayemfahamu mkubwa, na wengine huenda kumlilia diwani. Katika njia hii diwani hana kura, na afisa hana hiari. Anachoweza kukupa ni kusoma jedwali lako. Msalimie kwa heshima, kisha mpe jedwali.

La pili ni kubadili michoro katikati ya safari. Kuongeza chumba cha ibada ghorofa ya chini baada ya kuwasilisha kunaweza kuvunja sharti la theluthi mbili za makazi na kuanzisha siku upya.

La tatu ni kuwaficha majirani mradi kwa sababu sheria haiwapi kura. Watembelee. Mradi utaishi nao miaka 55, na watoto wa nyumba hizo watasoma shule moja na watoto wao.

Mambo yakikwama

*Jiji linasema maombi hayajakamilika.* Omba orodha ya maandishi ya kinachokosekana. Kama kinachodaiwa hakimo katika fomu yao iliyochapishwa, waulize kwa barua kinatokana na kifungu kipi. Ukiweza kukitoa kwa siku mbili, kitoe tu. Usipigane vita ya wiki tatu kwa ajili ya karatasi moja.

*Barua inasema jengo ni kubwa mno kwa mtaa.* Jibu ukirejea mstari husika wa jedwali, ukitaja kwamba sababu hiyo si kigezo kinachopimika, na upeleke nakala HCD. Idara hiyo ina kitengo kinachosimamia uwajibikaji wa miji katika masuala ya nyumba, na barua yake kwa jiji huwa na uzito.

*Siku zimepita, jiji limekaa kimya.* Wakili aandike barua yenye tarehe ya kupokelewa kwa maombi, idadi ya siku zilizopita, na maneno ya kifungu yanayosema mradi sasa umehesabiwa kutimiza vigezo. Bila ule muhuri wa hatua ya nane barua hii haina miguu.

*Majirani wameshitaki.* Ilitokea Cupertino, ambako mradi wa Vallco wenye nyumba 2,402, nusu yake za gharama nafuu, uliidhinishwa kwa SB 35 mwezi Septemba 2018 na kupingwa mahakamani; mwaka 2020 jaji aliithibitisha idhini. Weka akiba ya gharama za wakili na uhifadhi kila karatasi, pamoja na barua pepe za jiji.

*Jiji halimo katika orodha, au kiwanja kimekwama kwa sharti moja.* Rudi kwenye SB 4 ikiwa ardhi ni ya taasisi ya dini, au mwombe wakili akutazamie AB 2011 ya mwaka 2022 ikiwa kiwanja kiko katika eneo la biashara.

*Fedha hazijapatikana na idhini inakaribia kuisha.* Mradi ambao angalau nusu ya nyumba zake ni za kipato cha asilimia 80 au chini, na wenye fedha za umma mbali na misamaha ya kodi, idhini yake haiishi muda. Miradi mingine ina miaka 3, na inaweza kuombewa mwaka mmoja zaidi ukionyesha kwamba kazi ya kuelekea ujenzi inasonga mbele. Peleka ombi hilo kabla ya tarehe ya mwisho, ukiambatisha barua za mikopo, michoro ya kibali na mikataba ya mafundi uliyokwisha kuisaini.